Kipande kipi cha bunduki ndicho bunduki? (Marekani, silaha hewa, na magobore yetu)

#1 Mzee wa Rehani

Wakuu, salaam.

Mimi nipo Texas, mwaka wa tisa huu, nasimama kaunta kwenye duka la rehani. Watu wanaleta cheni, magitaa, majenereta, na bunduki kuliko vyote. Juzi nikamwambia rafiki yangu wa Mbagala kwamba huku mtutu wa bunduki unaagizwa mtandaoni na posta wanauacha mlangoni kama viatu. Akanijibu niache kumlisha matango pori. Basi nimeona nilete uzi, maana habari hii ni ya kweli na imefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Ni mrefu. Mwenye haraka zake apite tu.

Kwa sheria ya shirikisho, mtutu si bunduki. Kitako si bunduki. Triga, magazini, springi, darubini, vyote hivyo ni vyuma tu kama vipuri vya bodaboda. Kipande kimoja ndicho kinachoitwa bunduki: kile kiunzi ambacho vingine vyote vinafungwa juu yake. Kwenye bastola wanakiita fremu, kwenye bunduki ndefu risiva. Kikiwa kitupu, hakina hata pini, hakiui mende labda ukirushe, lakini mbele ya sheria ni bunduki kamili. Kina namba yake. Nikikiuza, mteja anajaza fomu 4473, anachunguzwa kwenye mfumo wa FBI, nami naandika daftarini kimeingia lini na kimetoka kwa nani.

Haya mambo yametoka kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968. Rais Johnson aliisaini Oktoba mwaka huo, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Sheria iliyotangulia, ya 1938, ilijaribu kushika kila kipande cha silaha. Ikashindikana. Nani ataandika kila skrubu kwenye daftari? Bunge likasema basi, tushike kiunzi peke yake.

Ila Bunge halikueleza kiunzi ni kipi. Kazi hiyo ikawaangukia watu wa serikali (leo ni ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha), wakaandika kwamba ni ile sehemu inayobeba nyundo, bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) na mtambo wa kufyatulia, na ambayo kwa kawaida imekatwa hesi kwa mbele ili kupokea mtutu. Ukichukua bunduki za wakati ule, maelezo yanakaa vizuri. Sasa chukua AR-15, bunduki ndefu. Mwili wake ni vipande viwili vinavyoshikwa na pini. Cha chini kina nyundo na triga. Cha juu kina bolti, na ndiko mtutu unakofungwa. Kipi ni risiva? ATF miaka yote walisema cha chini, na namba inagongwa hapo. Lakini soma tena maneno yao wenyewe: si cha chini wala cha juu kinachotimiza masharti yote. Na bastola ya Glock ndiyo kabisa, nyundo yenyewe haina!

Mawakili wakaliona tundu. Kuna mashauri California na Ohio ambako serikali ilishtaki watu kwa risiva za AR, na majaji wakasema hiki kipande hakilingani na maelezo yenu. ATF waliogopa hadi wakaandika kwamba tafsiri hiyo ikishika, hadi asilimia 90 ya bunduki zilizoko nchini zitabaki hazina kipande hata kimoja kinachodhibitiwa.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Kama kiunzi ndicho bunduki, je, kiunzi ambacho hakijamalizika? Kampuni zikaanza kuuza viunzi vya "asilimia 80", vimebakiza kazi kidogo. Hakuna sheria iliyotaja asilimia 80, ni msemo wa biashara tu. Wengine wakauza boksi zima, kila kitu ndani, jina lake "Nunua, Unda, Piga". Hakuna namba, hakuna fomu, hakuna daftari. Polisi waliopeleka silaha za namna hii kufuatiliwa asili yake mwaka 2017 walipeleka kama 1,600. Mwaka 2021 zilizidi 19,000.

Ndipo Mei 2021 ATF wakaleta pendekezo la kubadilisha maana ya fremu na risiva. Maoni ya wananchi yalizidi 290,000. Kanuni ya mwisho ikatoka Aprili 2022, ikaanza kazi tarehe 24 Agosti mwaka huo. Halafu wakaburuzwa mahakamani.

Napumua, nitarudi.

#2 Kambi Popote

Naweka kambi hapa. Mkeka, thermos ya chai na kashata.

#3 Chura wa Kidatu

Kichwa cha uzi kinasema silaha hewa. Mkuu, si ndiyo zile za kupigia njiwa? Mjomba wangu alikuwa nayo, unaikunja katikati inasema "pwaa".

#4 Mzee wa Rehani

Hahaha, hapana mkuu. Ile ya mjomba ni bunduki ya hewa. Hii ni silaha hewa, kama mfanyakazi hewa: ipo, inapiga, lakini kwenye vitabu haipo. Wao wanaziita bunduki za mzimu, mimi nikaona sisi jina tunalo tangu enzi za uhakiki wa watumishi.

Na ngoja nieleze kwa nini namba ni jambo zito hivyo huku. Watu wanadhani Marekani wana kompyuta moja kubwa, polisi anabonyeza namba, jina la mwenye bunduki linatokea. Hakuna. Sheria ya 1986 inakataza serikali kuweka rejista ya aina hiyo. Bunduki ikiokotwa kwenye tukio, ofisi ya ATF iliyopo Martinsburg, West Virginia, inampigia mtengenezaji: namba hii mlimuuzia nani? Anasema msambazaji fulani. Wanampigia msambazaji, anataja duka. Wanapiga dukani.

Hiyo simu nimeshaipokea mimi. Unashusha daftari, unapitisha kidole kwenye safu ya namba, unakuta mwandiko wa mtu aliyeacha kazi zamani, nne yake inafanana na tisa. Unamsomea mtu wa upande wa pili tarakimu moja moja. Upelelezi wa nchi tajiri kuliko zote unasimama juu ya mwandiko wa karani wa rehani. Ukiondoa namba kwenye kile kipande kimoja, mnyororo wote hauna pa kuanzia.

#5 Wakili wa Mtaani

Salamu kutoka Nairobi. Mada safi sana, mzee.

Kwetu Kenya tulirithi njia ya Mwingereza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaposema "silaha" inajumlisha na sehemu yoyote iliyo kiungo cha hiyo silaha. Hatuulizi ni kipande kipi. Ukishikwa na mtutu bila cheti, hakuna hadithi ya kusema "mheshimiwa, huu ni mtutu tu".

Lakini wacha niwatetee kidogo walioipinga hiyo kanuni ya ATF, kwa sababu hoja yao si ya kipuuzi. Kifungu cha Marekani kina mafungu. Fungu A linasema bunduki ni silaha inayofyatua risasi, au iliyoundwa kufyatua, au inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ikafyatua. Fungu B linasema tu: fremu au risiva ya silaha hiyo. Sasa, maneno "kugeuzwa kwa urahisi" yako A, hayako B. Jaji Thomas wa Mahakama ya Juu, aliyepinga uamuzi, alisimama hapo hapo: kama Bunge lingetaka fremu ambayo haijaisha ihesabiwe fremu, lingeandika, maana lilijua namna ya kuandika, liliandika mistari miwili juu yake. Sisi mawakili tunafundishwa hivyo: neno likiwa hapa na lisiwe pale, kukosekana kwake pale kuna maana.

Hilo unalijibu aje?

#6 Mzee wa Rehani

Wakili, nilijua utafika hapo. Mimi si msomi wa sheria lakini uamuzi niliusoma mara mbili, usiku dukani hakuna wateja.

Jaji Gorsuch ndiye aliandika, Machi 26, 2025, saba kwa wawili, kanuni ya ATF ikashinda. Wawili waliopinga ni huyo Thomas na Alito. Na Gorsuch si mtu wa kuonea huruma mashirika ya serikali, ndiyo maana wengi walishangaa. Alianzia kwenye lugha ya kawaida. Akasema majina ya vitu vinavyoundwa na binadamu huwa tunayatumia hata kabla kitu hakijaisha. Mwandishi anakupa mswada anasema "soma riwaya yangu". Mtu ananunua meza IKEA, iko ndani ya boksi, anasema "nimenunua meza".

Niliposoma hapo nikaikumbuka Keko. Unalipia kitanda, fundi anakufungashia kwenye toyo: mbao mbili za ubavuni, kichwa, miguu, chaga zimefungwa kamba, misumari kwenye gazeti. Ukifika nyumbani mkeo anauliza "umeleta nini?" Utasema umeleta mbao? Umeleta kitanda. Lakini ukienda Buguruni ukanunua mbao za mninga fundi hajazigusa, ukasema ni kitanda, hapo mama watoto atakucheka. Mahakama ilisema karibu hivyo hivyo: boksi la "Nunua, Unda, Piga" ni bunduki, maana mtu ambaye hakuwahi kuliona aliunda bastola kwa dakika 21 kwa vifaa vya kawaida na video za YouTube. Boksi jingine linaloweza kudai kazi kubwa zaidi, hilo litajadiliwa siku yake.

Kwenye kusikilizwa kwa shauri, Oktoba 2024, Alito aliuliza swali tamu sana. Nikiweka mezani mayai, nyama na pilipili hoho zilizokatwa, je, hiyo tayari ni omleti? Tuseme chipsi mayai kwa lugha yetu. Mwanasheria wa serikali akasema hapana, vitu hivyo vina matumizi mengine mengi. Jaji Barrett akadakia: na kama umeagiza boksi lenye vipimo vyote tayari, kutoka kampuni inayouza mapishi? Hilo likawa jibu lenyewe. Viazi na mayai si zege. Lakini viazi vilivyokatwa, mayai mawili, mafuta yamepimwa kwenye kifuko, na karatasi ya maelekezo? Mwuzaji anajua anakuuzia nini, na wewe unajua umenunua nini.

Kuhusu fungu A na B, wakili, nakubali hoja ya Thomas inauma. Kwa boksi zima Mahakama ilitumia fungu A, hapo hakuna shida. Kwa fremu peke yake ndipo walitegemea zaidi hiyo hoja ya majina. Mimi naona ni dhaifu kuliko ile ya boksi.

#7 Mkono wa Birika

Uzi mzuri ila mleta mada ana upande.

Kwanza, kujitengenezea bunduki nyumbani kwa matumizi yako Marekani ni halali tangu kabla hawajapata uhuru. Pili, miaka yote hao hao ATF walikuwa wanatoa barua kusema kiunzi hiki bado si bunduki, uzeni. Watu wakaweka mitaji. Kesho yake wanaamka wanasema sasa ni bunduki, neno lile lile la 1968. Sheria haikubadilika, Bunge halikukaa. Aliyebadilika ni mtu wa ofisini. Leo ni bunduki, kesho afisa atabadilisha maana ya gunia.

Tatu, kuna jambo hujaligusa. Sheria ya 1934 ya bunduki za rashasha nayo inataja "fremu au risiva" ya rashasha. Sasa kama kitu "kinachoweza kugeuzwa kwa urahisi" ni kitu chenyewe, risiva ya AR-15 inayoweza kugeuzwa kuwa ya rashasha, je, si rashasha? Mamilioni ya watu wanalala na makosa ya jinai chini ya kitanda. Kitanda cha Keko hicho.

#8 Mzee wa Rehani

Mkuu, upande ninao, sikatai. Lakini hoja ya tatu umeipiga penyewe, na ndiyo walalamikaji waliileta. Serikali ikaapa mbele ya majaji kwamba haioni hivyo, kwamba AR-15 ya kawaida si rashasha, na Mahakama ikaipokea kauli hiyo. Serikali ijayo? Hapo tuombe uzima. Na Februari 2025 Trump alishatia saini amri ya kuzipitia upya kanuni zote za silaha za mtangulizi wake, kwa hiyo kushinda mahakamani hakumaanishi kanuni itabaki ilivyo.

Kwenye hoja ya pili nakupa nusu. Kanuni inasema ili kujua kama kipande kinageuzwa "kwa urahisi", angalia mambo manane: muda, wepesi, ujuzi, vifaa, upatikanaji, gharama, ukubwa wa kazi na kama inawezekana. Sawa, lakini haisemi saa ngapi. Haisemi dola ngapi. Mwuza duka kama mimi nataka rula, wao wananipa busara za wazee.

Ila ya kujitengenezea nyumbani, hapana. Kanuni haikukataza. Ukiunda yako kwa mkono wako na ukaiweka kabatini, sheria ya shirikisho haikulazimishi kuipiga namba, ingawa majimbo kama California na New Jersey yana sheria zao kali zaidi. Jaji Mkuu Roberts mwenyewe aliuliza kwa mshangao: kutoboa tundu moja au mawili, kweli ndiyo raha ile ile ya mtu anayeshinda jumamosi akikarabati gari lake?

#9 Dada wa Birmingham

Jamani, niongezee la huku Uingereza kwa sababu nimelazimika kulijua. Mume wangu analenga shabaha kwenye klabu na vyeti vyake vinapita mikononi mwangu.

Sheria ya hapa nayo ilikuwa inasema "kiungo chochote" bila kueleza, kama Kenya alivyosema wakili. Ikaleta ubishi wa aina nyingine: je, skrubu ni kiungo? Na triga? Mwaka 2017 wakaandika orodha: mtutu, chemba au silinda; fremu, mwili au risiva; na bolti au mtambo mwingine unaozuia nguvu ya mlipuko kwa nyuma. Basi. Umoja wa Ulaya nao wana orodha inayofanana, na wao wamesema wazi kabisa: risiva ya juu na ya chini, zote mbili. Lile fumbo la AR-15 huku halina kazi.

Sasa swali langu, kwa nini Wamarekani hawakuandika orodha tu wakalala?

#10 Mzee wa Rehani

Dada, umeuliza swali ambalo ndilo kiini hasa, asante.

Walijaribu kukaribia huko. Pendekezo la 2021 lilikuwa pana: sehemu yoyote inayobeba kimojawapo cha vipande vya kufyatulia ingeweza kuwa fremu au risiva, kwa hiyo bunduki moja ingeweza kuwa na risiva mbili. Wenye viwanda wakapiga kelele. Fikiria: bunduki moja namba mbili, vipande viwili kila kimoja ni "bunduki", nikibadilisha cha juu kilichochakaa najaza 4473? Kwenye kanuni ya mwisho wakarudi kwenye kipande kimoja. Bastola: ile sehemu inayobeba kijino kinachozuia nyundo au pini isifyatuke. Bunduki ndefu: ile inayobeba bolti. Halafu, sikilizeni hii, kwa kanuni hiyo AR-15 ingekuwa risiva ya juu! Lakini mamilioni tayari yana namba kwenye ya chini. Wakaandika msamaha maalumu: AR-15 ibaki ya chini.

Yaani wametunga maana mpya, na bunduki iliyowafanya waitunge wameiweka pembeni kwa jina.

Ndiyo maana nasema ubaya haukuwa mashine za watu kuunda nyumbani. Ubaya ulianza siku walipoamua daftari zima la nchi litundikwe kwenye msumari mmoja, halafu wakaueleza msumari kwa sura yake badala ya kazi yake. Sura ilipobadilika, msumari ukapotea.

#11 Mwana wa Mhunzi

Mimi natokea Rukwa, babu mzaa baba alikuwa mhunzi. Naona mnaongea silaha zisizo na namba kama kitu kipya. Sisi tumekua na gobore ukutani. Nani alimwandikia babu namba?

Kingine, nchi zetu hizi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na wengine, zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004. Ile inataka alama ya silaha iwekwe kwenye mtutu, kwenye fremu, na kwenye kile kifuniko cha juu kinachotembea kama silaha inacho. Sehemu tatu, si moja. Nilisoma nilipokuwa nafanya kazi ya muda ya kubeba maboksi kwenye zoezi la kuweka alama silaha. Mashine inagonga nukta nukta, tik tik tik kama cherehani. Kwa hiyo kwenye karatasi sisi tumewashinda Wamarekani.

Kwenye karatasi.

#12 Chura wa Kidatu

Mwana wa Mhunzi, gobore lina fremu?

#13 Mwana wa Mhunzi

Halina mkuu. Lina mtutu, mti, na kinyundo ubavuni. Ukitafuta kipande kinachoitwa risiva utazunguka nalo hadi jioni.

#14 Mzee wa Rehani

Hapo nimecheka peke yangu kaunta. Mwana wa Mhunzi, na mimi nikupe ya kwangu kabla sijafunga.

Mwaka jana kijana mmoja alileta bastola kwenye mfuko wa mkate. Plastiki ya rangi ya udongo, imekwanguliwa kwa mkono, mikwaruzo inaonekana. Anataka dola 120 za rehani. Nikaigeuza, nikatafuta namba chini ya mtutu, hakuna kitu. Kwa kanuni mpya, duka likipokea silaha ya namna hiyo lazima tuipige namba ndani ya siku saba au kabla haijatoka, chochote kitakachotangulia. Nikampigia fundi tunayemtumia, akasema dola 50. Nikamwambia kijana: nikupe 120, nikate 50, halafu siku ukija kuikomboa ujaze fomu 4473 na FBI wakuchunguze kwa bastola yako mwenyewe. Akaniangalia. Akairudisha kwenye mfuko wa mkate, akaukunja mdomo wa mfuko mara tatu vizuri kabisa, akatoka.

Sasa niambie, la babu yako liliishia wapi?

#15 Mwana wa Mhunzi

Serikali ilitangaza msamaha wa kusalimisha, baba akalipeleka kituoni kwenye baiskeli, amelifunga kwenye kanga ya bibi. Afande akafungua daftari, akauliza "namba?" Baba akasema halina. Afande akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akatafuta mahali pa kuandika. Mwisho akachana kipande cha boksi la sabuni, akaandika jina la babu na tarehe kwa kalamu ya wino, akatoboa tundu kwa kalamu ile ile, akapitisha kamba ya katani na kulifunga kwenye kinyundo.